Mkono Mtupu Haulambwi

Mamangu alifanya kazi ya stoo kwa miaka 19 katika kiwanda kimoja pale Industrial Area, Nairobi. Jina la kiwanda sitalitaja. Kazi yake ilikuwa kujua kila spea iko wapi: beringi za mashine hii, mikanda ya ile, skrubu ambazo kwa macho zinafanana kabisa lakini ukikosea, mashine inagoma. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na kaunta-buku tatu na kichwa chake. Mashine ikikwama saa nane usiku, mlinzi wa zamu alipiga simu kwetu Kayole, na mamangu alimjibu akiwa bado kitandani, macho yamefungwa: "Rafu ya nne, upande wa dirisha, kwenye mkebe wa Kimbo." Na kweli, ilikuwa pale.

Kazini walimwita Mama Stoo. Mimi na dadangu tulidhani hilo ni jina la heshima. Mara mbili kiwanda kilipunguza watu, na mara zote mbili yeye hakuguswa. Kila shule zilipofunguliwa, akiwa ametupanga mlangoni anatukagua sare, alitupa somo lilelile: "Mkono mtupu haulambwi, wanangu. Jifanyeni watu wa kuhitajika. Mtu akikuhitaji hawezi kukutupa."

Miaka hii nimekuwa nikisoma sana habari za chipu, hizi za simu na kompyuta, na kila nikisoma namsikia mamangu. Sababu ni kwamba kuna kisiwa kizima, chenye watu zaidi ya milioni 23, ambacho kimejilinda kwa somo hilohilo. Kinaitwa Taiwan. Na swali linalokikabili ndilo lililobaki nyumbani kwetu baada ya mamangu kuacha kazi, au tuseme baada ya kazi kumwacha: je, ni kweli mtu akikuhitaji hawezi kukutupa?

Hebu tuanze na simu iliyo mkononi mwako. Ndani yake kuna kipande cha silikoni kinachotoshana na ukucha. Juu ya kipande hicho kuna swichi ndogo zinazoitwa transista, na zinapofunguka na kufungika ndipo picha inaonekana, pesa inaingia, na ujumbe wako unapata tiki mbili za bluu bila kujibiwa. Chipu ambayo Apple iliweka kwenye simu zake za bei ya juu mwaka 2023 ina transista bilioni 19. Vipimo vyake ni vya nanomita, na nanomita moja ni milimita moja ukiigawa mara milioni.

Kuchora vitu vidogo hivyo si mchezo. Mashine inayochora chipu za kisasa kabisa inaundwa na kampuni moja tu duniani, ASML, kutoka mji wa Veldhoven, Uholanzi. Ndani yake, matone ya bati iliyoyeyushwa hupigwa kwa leza mara 50,000 kila sekunde, yakatoa mwanga ambao jicho haliuoni. Mwanga huo unaongozwa na vioo vya kampuni ya Zeiss ya Ujerumani hadi kwenye kisahani cha silikoni. Mashine moja inauzwa kwa zaidi ya dola milioni 150. Lakini kununua mashine ni jambo moja na kuijulia ni lingine. Kisahani kimoja hupitia mamia ya hatua kwa miezi kadhaa, na kosa la hatua moja linaweza kuharibu kazi yote ya nyuma. Anayeijulia kazi hiyo kuliko wote ni kampuni ya TSMC ya Taiwan. Takriban asilimia 90 ya chipu za kisasa kabisa duniani zimekuwa zikitoka kisiwani humo.

Hali hiyo haikuja kwa bahati. Mwaka 1985 serikali ya Taiwan ilimwita mhandisi Morris Chang, mzaliwa wa China bara aliyekuwa amefanya kazi miaka 25 katika kampuni ya Texas Instruments huko Marekani. Mwaka 1987 akaanzisha TSMC. Wazo lake ungelielewa hata ukiwa Gikomba, kwa sababu ni wazo la fundi cherehani: mimi sitafungua duka langu la nguo nishindane na wewe. Wewe leta mchoro, mimi nishone. Wakati huo kampuni kubwa za chipu zilibuni zenyewe na kutengeneza zenyewe, na wengi waliona wazo la Chang ni la mtu aliyekosa la kufanya. Leo Apple, Nvidia na AMD wanampelekea michoro, na ukiuliza fundi mwingine anayemfikia ni nani, utajibiwa kwa kimya kirefu.

Sasa angalia fundi huyu anaishi wapi. Kisiwa chake kimetenganishwa na China kwa mlango wa bahari ambao mahali pembamba kabisa ni kilomita 130 hivi. China inasema Taiwan ni sehemu yake, na haijawahi kuahidi kwamba haitatumia nguvu kuichukua. Tangu 1971 Taiwan haina kiti katika Umoja wa Mataifa. Nchi zinazoitambua rasmi hazifiki 15, na Afrika nzima ni moja tu, Eswatini. Ni sawa na mtu mwenye nyumba nzuri mtaani lakini hana hati ya kiwanja, na jirani mkubwa kila asubuhi anapita akisema kwa sauti kwamba hapo ni kwake.

Mtu wa aina hiyo afanye nini? Anafanya alichofanya mamangu. Anajifanya wa kuhitajika. Watu wa Taiwan wameipa TSMC jina la mlima mtakatifu unaoilinda nchi. Wachambuzi wao husema "ngao ya silikoni", maneno yaliyoenezwa na kitabu cha Craig Addison cha mwaka 2001. Hesabu ni rahisi: China inazihitaji chipu za Taiwan, kwa hivyo itaogopa kuvunja kiwanda. Marekani inazihitaji pia, kwa hivyo haiwezi kukaa tu ikitazama. Mtu akikuhitaji hawezi kukutupa.

Mimi sitaki kuicheka hesabu hii. Imelea watoto wawili Kayole. Lakini nataka tuipime, na kipimo cha kwanza kiko hapahapa kwetu.

Aprili 2016, Kenya iliwapakia ndege raia 45 wa Taiwan na kuwapeleka China bara. Walihusishwa na genge la ulaghai wa simu lililokuwa Nairobi, na China ilisema waliolaghaiwa walikuwa watu wake. Baadhi yao mahakama ya Nairobi ilikuwa tayari imewaachilia huru. Taiwan ilipiga kelele, ikasema huo ni utekaji. Lakini ingempigia kelele nani? Haina ubalozi Nairobi. Kenya inaitambua China moja, ile ya Beijing, na kwa kitabu hicho hakukuwa na mtu anayeitwa raia wa Taiwan.

Sisemi watu wale walikuwa malaika. Kama kulikuwa na mzee kule China aliyeporwa akiba yake kwa simu kutoka Nairobi, ana haki yake. Ninachotaka utazame ni kitu kingine. Mwaka huohuo, chipu iliyokuwa kwenye iPhone mpya ilitengenezwa Taiwan. Watu mjini hapa walikuwa nayo mfukoni. Kisiwa ambacho kazi yake ilikuwa inapita forodhani bila shida, watu wake hawakuweza kupita. Ngao ilikuwepo, ila ilikuwa imefunika chipu. Haikufunika mtu.

Kipimo cha pili kinatisha zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2021, jarida la chuo cha kivita cha jeshi la Marekani lilichapisha makala ya wasomi wawili, Jared McKinney na Peter Harris. Walipendekeza kwamba njia moja ya kuizuia China isivamie ni kuitangazia mapema kwamba ikivamia, viwanda vya TSMC vitaharibiwa, isipate kitu. Waliliita pendekezo lao kiota kilichovunjwa. Mwaka 2023 mbunge mmoja wa Marekani alilitaja wazo hilo hadharani, na waziri wa ulinzi wa Taiwan akalazimika kusimama na kusema jeshi lake halitakubali viwanda vyao vilipuliwe na yeyote.

Soma tena pole pole. Hawa ni wale wanaoitwa marafiki. Katika chumba ambacho marafiki wanajadili namna ya kukulinda, kuna mtu ameinua mkono na kuuliza kama haitakuwa afadhali kuchoma kile kinachokufanya uhitajike, ili adui asikipate. Na ukifuata hesabu ya kuhitajika peke yake, hajakosea. Kama thamani yako ni kiwanda, basi swali pekee ni kiwanda kiwe mikononi mwa nani, au kisiwe mikononi mwa yeyote. Watu milioni 23 wanaoishi kukizunguka hawaingii kwenye hesabu. Hawakuwahi kuingia.

Kuna mwanafalsafa wa Ujerumani, Immanuel Kant, aliyesema mwaka 1785 kwamba kila kitu kina ama bei ama hadhi. Chenye bei kinaweza kuondolewa na mahali pake pakawekwa kingine cha thamani hiyohiyo. Chenye hadhi hakina cha kukilipia. Waswahili hawakumhitaji Kant ili walijue hili. Tuna neno utu, na tunajua kwamba utu haupimwi kwa kilo. Lakini mgawanyo wake unasaidia kuona kilichotokea. Anayejifanya wa kuhitajika anajipandisha bei. Anaweza kuipandisha hadi ifike mbinguni. Bado itakuwa bei, na penye bei kuna mtu anayetafuta pa kununua kwa nafuu.

Hapo ndipo nirudi stoo.

Siku moja waliletewa kijana mwenye kompyuta ndogo. Mamangu aliambiwa amsaidie "kuingiza stoo kwenye sistimu". Ilikuwa kazi ya miezi mitatu. Dadangu, ambaye siku zote ameona mbali kuliko mimi, alimwambia jioni moja tukiwa tunakula: "Mama, usimfundishe yote. Kaunta-buku ya tatu ibaki hapa nyumbani."

Mamangu hakujibu mara moja. Alimaliza ugali wake, akanawa mikono. Kisha akasema, "Huyu kijana ana makosa gani?" Kesho yake akabeba vitabu vyote vitatu kwenye mfuko wa plastiki akaenda navyo kazini. Kijana alifundishwa vizuri, kila rafu, kila mkebe. Mwezi wa nne ilikuja barua.

Kwa miaka mingi niliona alikuwa mjinga. Dadangu alikuwa na akili ya ngao ya silikoni: usitoe siri inayokulinda. Na ni kweli, angeshika kile kitabu labda angepata mwaka mmoja zaidi, labda miwili. Lakini fikiria ni nini kingehitajika ili aendelee kuwa salama. Ingebidi yule kijana abaki hajui. Ingebidi kila usiku wa manane mashine ikikwama, watu wahangaike kidogo, ili wakumbuke thamani ya Mama Stoo. Usalama wake ungekula kwenye ujinga wa wengine. Hii ndiyo sumu iliyo ndani ya somo lake, na nadhani yeye aliiona jioni ile akiwa ananawa mikono, ingawa hakuwahi kuisema: ili mimi niendelee kuhitajika, wewe lazima uendelee kushindwa.

Dunia ya chipu sasa inaendeshwa kwa sumu hiyo waziwazi. Oktoba 2022 Marekani iliweka masharti makali ya kuizuia China isipate chipu za kisasa wala vifaa vya kuzitengenezea. Zile mashine bora za Uholanzi China haijauziwa hata moja. China nayo, mwaka 2023, ikabana usafirishaji wa galiamu na jemaniamu, madini mawili yanayotumika kwenye vifaa vya kielektroniki ambayo yenyewe ndiyo mzalishaji mkubwa. Kila mmoja ameshika kaunta-buku yake ya tatu kifuani. Kila mmoja anatafuta namna ya kuhitajika bila yeye kumhitaji mtu.

Na kama mkubwa hataki kumhitaji mtu, unajua kitakachofuata. Agosti 2022 Marekani ilipitisha sheria ya kutenga zaidi ya dola bilioni 52 kwa ajili ya kurudisha utengenezaji na utafiti wa chipu nyumbani. TSMC ilikuwa tayari imeanza kujenga kiwanda jimbo la Arizona. Mamia ya wahandisi wa Kimarekani walipelekwa Taiwan kufundishwa kazi. Desemba 2022, kwenye sherehe ya kuingiza mashine za kwanza, Morris Chang alisimama akiwa na miaka 91 na kusema kwamba utandawazi unakaribia kufa. Mradi uliotangazwa mwaka 2020 kwa dola bilioni 12 ulikuwa umefikia ahadi ya dola bilioni 165 kufikia Machi 2025. Katikati hapo, Julai 2024, Donald Trump akiwa anatafuta urais alilalamika kwamba Taiwan imechukua biashara ya chipu ya Marekani na inafaa ilipie ulinzi wake.

Taiwan inajitahidi kubakisha nyumbani utafiti na teknolojia mpya kabisa. Wenyewe wanabishana: wengine wanasema kila kiwanda kinachojengwa ng'ambo kinaitoboa ngao, wengine wanasema bila kiwanda hicho rafiki mkubwa angenuna. Ni mazungumzo ya dadangu na mamangu, isipokuwa meza ni kubwa na ugali ni wa mabilioni.

Kuna jambo la tatu ambalo kuhitajika hufanya, na hili hutokea ndani ya nyumba yako mwenyewe. Mwaka 2020 hakuna tufani hata moja iliyotua Taiwan, na tufani ndizo huijazia mabwawa. Mwaka 2021 ukaja ukame mbaya kuliko wowote katika zaidi ya nusu karne. Viwanda vya chipu vinakunywa maji mengi, kwa sababu visahani huoshwa tena na tena kwa maji yaliyosafishwa kupita kiasi. Serikali ikafunga maji ya umwagiliaji kwa maelfu ya hekta za mashamba ya mpunga na kuwalipa wakulima fidia. Viwanda vikaagiza malori ya maji na kazi ikaendelea.

Kwa hesabu ya nchi uamuzi huo unaeleweka, na wakulima hawakuachwa mikono mitupu. Lakini jiweke kwenye gumboots za yule mkulima. Amepewa hela asilime. Ameambiwa, kwa lugha nzuri, kwamba maji yanaenda kwa yule ambaye dunia inamhitaji. Nchi ikishajifunza kujiangalia kwa macho ya wateja wake, inaanza kuwapanga hata watoto wake kwa foleni hiyohiyo. Mamangu pia, nikisema ukweli, alitupenda kwa njia ambayo ilikuwa na ripoti ya darasa ndani yake.

Kabla sijaendelea, kuna jirani anayenikodolea macho, naye ni Kongo. Ukisema kuhitajika kunalinda, Mkongo atakuuliza: mimi nani amewahi kuhitajika kunizidi? Mpira wa magari, enzi za Leopold. Urani ya Shinkolobwe, iliyoingia kwenye bomu la Hiroshima. Leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na koltani ya Rubaya, kule Masisi, inayotoa tantalumu kwa vifaa vya kielektroniki vya kila aina. Machimbo hayo yalitekwa na waasi wa M23 mwaka 2024. Hakuna aliyesema Kongo ina ngao ya kobalti. Tofauti ni kwamba kinachohitajika Kongo kiko chini ya miguu ya watu, na mtu anaweza kusukumwa pembeni kikachukuliwa. Kinachohitajika Taiwan kiko mikononi na vichwani mwa watu, na kichwa huwezi kukichimba. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo sababu kila waziri wetu akipata kipaza sauti anasema vijana wajifunze teknolojia. Ila, kama tulivyoona kwa yule kijana wa kompyuta, kilicho kichwani hakichimbwi lakini kinaweza kuhamishwa. Inachukua tu muda mrefu zaidi, na mara nyingi mwenyewe ndiye anayekibeba kwenye mfuko wa plastiki.

Najua mtu ataniambia: wewe unaongea umeshiba. Utu ni mtamu kwenye makala, lakini Taiwan ikiacha kutengeneza chipu leo, hiyo hadhi itazuia manowari ngapi? Na mamangu angekosa kuwa Mama Stoo, wewe ungesoma kwa kutumia utu?

Ni kweli, na sitaki kuruka swali hilo. Mnyonge hutumia alicho nacho. Kumlaumu mtu asiye na hati ya kiwanja kwa kujifanya wa kuhitajika ni dharau ya mtu mwenye hati. Mimi siwalaumu. Ninachokataa ni ile sehemu ya mwisho ya somo, ile ya "hawezi kukutupa". Kuhitajika hakununui usalama. Kunanunua muda. Mamangu alinunua miaka 19, na Taiwan inaelekea miaka 40. Muda si kitu kidogo. Swali la haki kumuuliza aliyenunua muda ni aliufanyia nini.

Na hapa jibu la Taiwan linanigusa. TSMC ilianzishwa Februari 1987. Julai mwaka huohuo, serikali ya Taiwan iliondoa sheria ya kijeshi iliyokuwa imekaa tangu 1949, miaka 38 ya watu kufungwa na kuuawa kwa sababu ya maneno. Mwaka 1996 wakamchagua rais wao moja kwa moja kwa mara ya kwanza, huku China ikirusha makombora baharini karibu nao kuwatisha. Mwaka 2000 chama tawala kilishindwa na kikatoka. Hakuna chipu iliyofanya hayo. Yalifanywa na watu waliochoka kuogopa. Huku nyuma ngao imesimama, mbele watu walikuwa wanajijengea nchi ambayo mtu anaweza kumtukana rais asubuhi na kulala kwake usiku. Hicho hakina bei, na hakiwezi kujengwa upya Arizona.

Kwa hivyo tatizo naliona zaidi kwetu sisi tunaotazama kuliko kwao. Sikiliza tunavyoizungumzia Taiwan. Vita vikitokea, tunasema, simu zitapanda bei, magari yatakosa vipuri, akili bandia itasimama. Hata wanaoitetea hutetea hivyo, kana kwamba bila chipu kusingekuwa na sababu. Tumekubali kwamba uhai wa watu milioni 23 unahitaji kisingizio cha kibiashara. Na tukishakubali kwa wao, tumekubali kwa kila mtu. Je, Sudan ina nini tunachohitaji? Je, yule mama wa stoo akishaingizwa kwenye sistimu?

Nikuambie yaliyofuata, maana niliahidi kuipima hesabu hadi mwisho. Baada ya ile barua, simu ya saa nane usiku ilikoma kulia. Miezi ikapita bila mtu wa kiwandani kupiga. Sistimu ilikuwa inafanya kazi vizuri sana, alikuwa ameifundisha vizuri. Mamangu alianza kuuza mboga kwenye kibanda karibu na steji. Alikuwa anapanga sukuma wiki kwa mstari kama spea.

Kisha Jumapili moja mlango ukabishwa. Alikuwa yule mlinzi wa usiku, amevaa koti la kanisani, ana mkate na majani ya chai kwenye mfuko. Mimi nilidhani kuna kitu kimepotea stoo. Nikamkaribisha, nikamwita mamangu, nikangojea kusikia ni spea gani.

Hakuulizia spea. Aliketi, akanywa chai vikombe viwili, wakaongea habari za magoti na bei ya unga. Alipokuwa anaaga mlangoni, alimwita mamangu kwa jina lake, lile la nyumbani kwao, ambalo kwa miaka 19 sikuwahi kulisikia mtu wa kazini akilitamka. Nikagundua kwamba usiku ule wote, kati ya kuulizia rafu na kukata simu, walikuwa pia wanasalimiana.

Mamangu alisimama mlangoni mpaka jamaa akapotea kwenye kona. Tangu siku hiyo bado anawaambia wajukuu wake mkono mtupu haulambwi. Lakini hiyo ya kwamba mtu akikuhitaji hawezi kukutupa, hajaisema tena.